Nyuma ya Shabaha Kuna Nani? Ushauri kwa Anayetaka Uwanja wa Kulenga Shambani Rusinga

Mtu mwenye shamba Rusinga akitaka kutenga sehemu ya kujifunzia shabaha, asianze na bei ya vifaa. Aanze na swali hili: kitakachotoka mkononi mwangu kikikosa shabaha, kitamfikia nani? Jibu lake ndilo linaloamua kama uwanja utajengwa au hautajengwa, utaelekea wapi, utakuwa na urefu gani na utatumia silaha gani.

Msimamo wangu ni huu. Uwanja wa bunduki nyumbani haufai kisiwani Rusinga, na anayenuia kuujenga aache. Uwanja wa upinde na mishale unafaa, mradi ujengwe kwa vipimo na uendeshwe kwa nidhamu. Nitaeleza kwanza kwa nini bunduki haifai, kisha nitaonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kujenga uwanja wa upinde.

Kwa nini bunduki isiwepo

Rusinga ina urefu wa takriban kilomita 16, na pale ilipo pana zaidi haizidi sana kilomita 5. Risasi ndogo kabisa inayotumiwa kwa mazoezi, ile ya .22, huweza kwenda takriban kilomita 2 ikielekezwa juu. Risasi ya bunduki kubwa hupita hapo kwa mbali. Ukifyatua kutoka maeneo ya Kaswanga au Waware kisiwani humu, kila upande kuna boma la mtu, shule, kanisa, njia ya ng'ombe au Ziwa Victoria. Na ziwa si mahali patupu. Usiku wavuvi wa omena wako majini na taa zao, alfajiri mashua zinarudi, na mchana kuna akina mama wanaofua na watoto wanaoogelea. Tuta la udongo lenye kimo cha mita kadhaa huweza kuzuia risasi iliyopigwa sawasawa. Haliwezi kuzuia ile iliyoruka juu yake kwa sababu mkono wa mwanafunzi ulitetemeka.

Sheria nayo ni kali, na ina haki ya kuwa kali. Nchini Kenya silaha za raia ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na vyeti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru raia wote wenye vyeti wahakikiwe upya. Cheti kinakuruhusu kumiliki silaha iliyotajwa humo, lakini hakigeuzi shamba lako kuwa uwanja wa mazoezi. Kama una silaha kihalali, fanyia mazoezi katika uwanja uliosajiliwa, chini ya msimamizi anayetambuliwa. Bunduki ya upepo pia usiichukulie kama kitu cha kuchezea: iulizie kwa Bodi kabla hujainunua.

Kuna sababu ya tatu ambayo watu huisahau, nayo ni risasi kama madini. Risasi nyingi zina kiini cha madini hayo, na zikijikusanya kwenye tuta mwaka baada ya mwaka, mvua huzimung'unya na kuzipeleka bondeni. Rusinga kila bonde huishia ziwani, na maji ya ziwa ndiyo yanayonywewa, yanayopikiwa na kunyweshwa mifugo. Wakenya tunajua madini haya yanavyofanya mwilini. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea sumu wakazi, watoto wakaathirika, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda ni kitu kikubwa kuliko tuta la shambani, lakini sumu ni ile ile, na mtoto hahitaji nyingi ili adhurike.

Sababu ya nne ni ya Rusinga yenyewe. Uwanja wa bunduki unadai kuchimba na kusukuma udongo mwingi, na udongo wa kisiwa hiki umehifadhi visukuku vya takriban miaka milioni 18. Mwaka 1948 mtafiti Mary Leakey alipata hapa fuvu la Proconsul, nyani wa kale ambaye mabaki yake yalijulisha jina la Rusinga duniani. Wataalamu bado wanarudi kwenye kilima cha Hiwegi na Kaswanga kufanya kazi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale cha namna hiyo aiarifu taasisi ya Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Hata ukichimba shimo la nguzo tu, ukiona mfupa uliogeuka jiwe au jino ndani ya tabaka la udongo, simamisha jembe, usiung'oe, weka alama mahali pale, na upeleke habari.

Mwisho, Rusinga inajua uzito wa risasi moja. Waziri Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa hapa Rusinga, na jengo la kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi ili kila anayefika akumbuke jinsi alivyouawa. Wanafunzi hupelekwa pale kujifunza historia. Katika kisiwa kama hiki, mlio wa bunduki unaosikika jioni kutoka shamba la jirani hauwezi kuchukuliwa kuwa mchezo. Watu watakimbia, na wana haki ya kukimbia.

Kwa nini upinde

Upinde unafundisha mambo yale yale ambayo wengi huyatafuta katika shabaha: utulivu wa pumzi, jicho, subira, kujirekebisha. Hauna mlio, hauachi sumu ardhini, na mshale huokotwa ukatumika tena. Afrika Mashariki haikuuazima mchezo huu ugenini. Wakamba, Wagiriama na Waata wana historia ndefu ya upinde. Katika michezo ya kisasa, ulengaji wa mishale umekuwa kwenye Olimpiki mfululizo tangu 1972, na mwaka 2016 mlenga mishale Shehzana Anwar ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio de Janeiro.

Hata hivyo mshale ni silaha. Upinde wa kawaida wa mtu mzima ukielekezwa juu hurusha mshale zaidi ya mita 200, na mshale huo ukishuka unaweza kuua. Tena upinde wa shabaha ubaki wa shabaha. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu nzito. Usimlenge ndege, kenge wala kiboko, hata kama kiboko huyo amekula mahindi yako. Hilo ni jambo la kupeleka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Kuchagua mahali

Tembea shamba lote kabla ya kupima chochote, na ulitembee asubuhi, adhuhuri na jioni. Utaona vitu ambavyo hati ya shamba haivionyeshi: njia ya watoto wa shule, mahali mifugo inapopita kwenda kunywa maji, kijia cha akina mama wanaotoka kuteka. Njia hizo zimekuwepo tangu enzi za mababu, na watu hawataziacha kwa sababu umesimamisha shabaha. Njia ikikata uwanja wako, sogeza uwanja. Usijaribu kuihamisha njia.

Kisha tazama mlima. Rusinga ina vilima katikati na ardhi inateremka kuelekea ziwani pande zote. Simama upande wa ziwa na ulenge kuelekea mlimani, ili mshale uliopita juu ya shabaha uangukie mteremko. Usilenge kuelekea ziwani hata siku moja, hata kama unaona maji matupu. Na kabla hujauamini mteremko, upande mwenyewe uone kama hakuna nyumba, shamba linalolimwa au mbuzi waliofungwa nyuma ya vichaka.

Jua nalo lina sauti yake. Rusinga iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili. Katika uwanja unaolenga kaskazini au kusini, jua halitampiga mlengaji machoni asubuhi wala jioni. Hapa kisiwa kinakusaidia: ukiwa upande wa kaskazini mwa kisiwa, mlima uko kusini kwako, ukiwa upande wa kusini, mlima uko kaskazini. Mwenye shamba ncha ya mashariki au ya magharibi ndiye atakayelazimika kuchagua, na achague usalama wa mteremko kwanza. Jua ataliepuka kwa kubadilisha saa za mazoezi.

Upepo pia una ratiba. Alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka ukatoka ziwani. Kati ya hizo mbili, asubuhi, huwa na utulivu, na hiyo ndiyo saa nzuri ya kumfundisha anayeanza.

Kaa mbali na ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kimo ambacho kilikuwa hakijawahi kurekodiwa, na fukwe nyingi za Homa Bay zilifunikwa. Ukingoni ndiko pia viboko hupanda usiku kula nyasi, na mtu anayetafuta mshale gizani anaweza kukutana nao.

Ndani ya boma lenyewe pana heshima zake. Kaburi la babu, nyumba za wana, ghala na lango vina nafasi zao, na uwanja usipite juu ya yoyote kati ya hivyo. Uweke nje ya boma, upande ambao watoto hawachezi.

Vipimo

Ploti ya futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30, haitoshi kwa uwanja wa wazi. Ukiwa na ploti hiyo, lenga kwa mita 10 tu, ukuta imara usio na mlango wala dirisha ukiwa nyuma ya shabaha, na wavu mbele ya ukuta.

Ekari moja inatosha kuanzia. Ikiwa na umbo la mraba ni takriban mita 64 kila upande. Igawe hivi: mita 5 za kusubiria, mstari wa kulengea, mita 18 hadi shabaha, kisha mita 25 au zaidi za ardhi tupu nyuma ya shabaha. Pembeni acha mita 15 hadi 20 kila upande bila mtu wala mnyama. Mita 18 ndiyo umbali wa mashindano ya ndani ya ukumbi, kwa hiyo mtu anaweza kufikia kiwango cha juu bila kutoka nyumbani.

Umbali wa Olimpiki ni mita 70, na shabaha yake ina kipenyo cha sentimita 122. Kwa umbali huo unahitaji angalau mita 45 tupu nyuma ya shabaha, yaani zaidi ya mita 115 za mfululizo. Mashamba machache Rusinga yana urefu huo usiokatwa na njia. Badala ya kulazimisha, zungumza na shule iliyo na uwanja mrefu, mkubaliane siku za likizo au Jumamosi asubuhi, chini ya usimamizi wa mwalimu.

Piga mistari miwili kwa chokaa: mstari wa kulengea na mstari wa kusubiria, uachane na wa kwanza kwa mita 5. Zungusha kamba yenye vitambaa vyekundu, na uweke mabango kwa Dholuo na Kiswahili kila mahali mtu anapoweza kuingilia. Kwa ua wa kudumu, mkonge na minyaa hustahimili ukame wa kisiwa vizuri.

Kutengeneza shabaha

Huhitaji kuagiza kitu ng'ambo. Njia ya kwanza ni gunia. Lijaze nguo kuukuu na mabaki ya vitambaa vya fundi, lishindiliwe hadi liwe gumu, kisha lishonwe mdomo. Toa kila zipu, kifungo na bizimu kwanza, maana chuma humrudishia mlengaji mshale au huuvunja. Gunia moja halitoshi kwa anayeanza. Panga manne au sita yaliyobanana.

Njia ya pili hudumu zaidi. Kusanya maboksi madukani katika mji wa Mbita, uyakate vipande vyenye upana wa sentimita 30, uvipange kimoja juu ya kingine hadi upate kimo cha mita moja na robo, kingo zikimwelekea mlengaji. Weka ubao juu na ubao chini, halafu ubane kwa nondo zenye nati au kwa kamba zilizosokotwa na kijiti. Mshale huingia kati ya tabaka na kushikwa. Karatasi zikilegea, kaza tena. Sehemu ya katikati ikichoka, badilishanisha vipande vya katikati na vya pembeni.

Shabaha hiyo ina maadui wawili: mvua na mchwa. Ipandishe juu ya nguzo zilizopakwa dawa ya mchwa, na uiezekee bati lenye ukingo unaotokeza, hasa kwa masika ya Machi hadi Mei. Kitovu cha shabaha kiwe mita 1.3 kutoka ardhini, na uso wake uinamishwe nyuma kidogo. Ifunge vizuri isiangushwe na upepo.

Nyuma yake, mita 2 hadi 3, tundika wavu wa kunasa mishale. Vyandarua vilivyochakaa, vikikunjwa tabaka nyingi, huweza kusaidia. Chukua vile visivyoweza tena kulaliwa, kwa kuwa malaria bado ni adui mkubwa hapa. Wavu uning'inie ukilegea na upindo wake ulale ardhini. Ukivutwa ukakaza, mshale hupenya. Uwe na kimo cha mita 3 na uipite shabaha kwa mita moja na nusu kila upande. Wavu ni msaada tu. Hauchukui nafasi ya ile ardhi tupu iliyo nyuma.

Usijenge ukuta wa mawe wazi nyuma ya shabaha, ingawa mawe ni mengi Rusinga. Mshale hugonga jiwe ukarudi au ukapasuka vipande. Katikati ya mstari na shabaha, fyeka nyasi ziwe fupi, kwa sababu mshale huteleza chini ya nyasi usionekane na siku moja utamchoma mtu mguu.

Vifaa

Anayeanza, hata mwanamume mwenye nguvu, aanze na upinde unaohitaji nguvu ya ratili 20 hadi 26 kuuvuta. Watoto waanze chini ya hapo. Upinde mzito humfundisha mtu kutetemeka. Mishale ya mwanafunzi iwe mirefu kuliko urefu anaovuta, kwa sababu mshale mfupi huweza kurudi nyuma ya upinde na kumtoboa mkono. Nunua kinga ya mkono na kinga ya vidole kabla ya kuongeza mishale.

Kila siku kabla ya kuanza, kagua upote kama umechakaa, mbao za upinde kama zina ufa, na kila mshale kama umepasuka. Mshale wa kaboni ukunje kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kuvunjika, uvunje na uutupe. Usifyatue upote bila mshale, maana upinde unaweza kupasuka mkononi. Na upinde uvutwe ukiwa usawa wa shabaha, usivutwe ukiwa umeelekezwa juu, kwa sababu kidole kikiteleza mshale utatoka nje ya shamba.

Kanuni za uwanjani

Teua mtu mmoja mwenye filimbi, ambaye halengi wakati anasimamia. Milio miwili: walengaji wasogee kwenye mstari. Mlio mmoja: lengeni. Milio mitatu: wote wameweka pinde chini, nendeni mkachukue mishale. Milio mitano au zaidi: acheni mara moja, kuna hatari. Kila aliyeko uwanjani, hata mgeni wa siku moja, azijue ishara hizi kabla hajagusa upinde.

Hakuna anayevuka mstari mishale inaporuka, hata kuokota kofia. Hakuna mshale kwenye upote isipokuwa mtu yuko mstarini akiangalia shabaha. Wakati wa kuchomoa mshale, hakikisha hakuna aliyesimama nyuma yako, kwa maana mwisho wake humchoma mtu usoni. Watoto wasilenge bila mtu mzima, na pinde zifungiwe ndani baada ya mazoezi pamoja na podo zake. Mtoto aliyezoea manati atadhani upinde ni hatua inayofuata, na ni kazi yako kumfundisha tofauti.

Weka sanduku la huduma ya kwanza karibu na mstari, na namba ya pikipiki au gari la kumfikisha mtu hospitali ya Mbita. Mshale ukimwingia mtu mwilini usiuchomoe. Ushikize usitikisike, zuia damu kuzunguka jeraha, na umkimbize kwa daktari.

Majirani na wazee

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, zungumza na wenye haki katika ardhi: mwenzi wako wa ndoa, ndugu zako kama shamba bado ni la ukoo, na wazee. Kisha nenda kwa majirani wa pande zote nne, uwaonyeshe mistari, uwaulize wanapita wapi na saa ngapi. Mwambie chifu, naibu wake na mzee wa Nyumba Kumi, na upeleke taarifa kituo cha polisi Mbita ili habari ya "watu wenye silaha shambani" isiwafikie kwanza kutoka kwa mtu aliyeogopa. Kama unakusudia kuchonga mteremko au kusukuma udongo mwingi, iulize kwanza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Andika makubaliano hayo kwenye karatasi moja, yakiwa na siku na saa za mazoezi, na uwape nakala. Jirani mmoja akisema ana hofu, msikilize. Mara nyingi hofu yake inaeleza kitu ambacho hukukiona: mtoto anayekata njia, ng'ombe asiye na mchungaji, bibi anayekwenda kanisani Alhamisi. Rekebisha uwanja wako kwa hilo.

Ukitimiza yote haya utakuwa na uwanja wa bei ndogo, usio na kelele, ambao vijana wa kijiji wanaweza kuutumia na wazee wakapita karibu bila wasiwasi. Na kama baada ya kupima umeona shamba lako ni jembamba, njia ni nyingi, au nyuma ya shabaha kuna boma la mtu, usijenge. Peleka pinde zako kwenye uwanja wa shule, ukawafundishe watoto huko.